Bahari na Afya ya Ngozi: Yapi ya Kuamini, Yapi ya Kuacha?

Ndugu msomaji, asafiriye kwa basi kutoka Mtwara kwenda Masasi hupita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao, kisha hufika Ndanda, chini ya miteremko ya Uwanda wa Makonde. Hapo bahari imekwisha kuwa mbali. Hewa ya chumvi haifiki, na wako watoto wa huko ambao mawimbi wanayajua kwa picha ya kitabuni tu. Hata hivyo bahari hufika Ndanda kila siku ya soko. Hufika kwa ng'onda na dagaa, hufika kwa chumvi, na siku hizi hufika pia kwa chupa na makopo.

Hapana shaka nawe umekwisha kumsikia mchuuzi, ama sokoni kusini, ama kituo cha basi Dar es Salaam, akinadi mali yake: mafuta haya ya papa yafunga kidonda, sabuni hii ya mwani yaondoa mabaka, krimu hii ya bahari yazuia jua. Wanunuzi wanamzunguka, na fedha inayotoka mfukoni ni ya mshahara au ya korosho. Swali ambalo kila mzazi anapaswa kujiuliza kabla ya kulipa ni hili: je, kweli bahari ina dawa ya ngozi? Na kama inayo, ndiyo hii iliyomo ndani ya kopo?

Jibu fupi ni kwamba bahari inayo dawa, lakini aghalabu siyo ile inayonadiwa. Jibu refu ndilo tunalotaka kulieleza leo, na tumechagua kulieleza kwa kuitazama Ndanda, kwa sababu wakazi wa sehemu hiyo wanaijua thamani ya ngozi kuliko watu wengi.

Maadui watatu wa ngozi

Watawa Wabenediktini walianza misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Hospitali iliyokua hapo ilipata sifa kusini nzima. Miongoni mwa walioijenga alikuwa Sista Thecla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa pia daktari. Kazi mojawapo kubwa ya hospitali hiyo ilikuwa kuwatunza wagonjwa wa ukoma, na makazi yao yalikuwa Mwena, karibu na hapo.

Ukoma ndio adui wa kwanza katika hadithi yetu. Kijidudu chake kiligunduliwa na daktari wa Norway, Armauer Hansen, mwaka 1873. Kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa Asia, ambayo yaliuma yakidungwa na yalisaidia kidogo tu. Zilipokuja dawa za kweli, na hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 1982 tiba ya dawa kadhaa zinazotumiwa pamoja, ukoma ukawa ugonjwa unaopona kwa miezi 6 hadi 12. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki. Mtu amepona kabisa, hamwambukizi yeyote, ila nyayo zake hazisikii mwiba wala moto. Hukanyaga kijinga asijue, na kidonda chake hukaa miaka.

Adui wa pili ni ganda la korosho. Masasi na Newala ni nchi ya korosho, na viwanda vya kubangua vilijengwa kusini katika miaka ya 1970. Aliyepata kubangua kwa mkono, kiwandani au jikoni, anajua ubaya wa mafuta meusi yaliyomo ndani ya ganda. Yana asidi kali inayochoma ngozi, ikatoa malengelenge, ikabambuka. Mikono ya kina mama wengi inabeba alama ya kazi hiyo.

Adui wa tatu ni jua. Kwa mtu mweusi jua ni uchovu na kiu. Kwa mtoto mwenye ualbino jua ni hatari ya maisha. Ngozi yake haina ile rangi ya asili inayokinga miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni bali ngozi hupata madhara yake. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja kati ya kila 1,400 ana ualbino. Wengi wanaokufa mapema hawauawi na ualbino wenyewe, bali na saratani ya ngozi ambayo ingeweza kuzuiwa.

Kila dawa ya bahari tutakayoitaja hapa chini, basi, tuipime kwa maadui hao watatu: kidonda kisichopona, ngozi iliyoungua, na jua.

Mwani: kutoka Paje hadi ndani ya kopo

Tuanze na mwani, maana ndio unaotajwa zaidi. Mwani si kitu kigeni kwetu. Ulikuwa ukiokotwa pwani na kuuzwa nje miaka mingi kabla ya kulimwa. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kuufanyia utafiti na kuhimiza ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Baadaye kilienea Pemba na pwani ya bara, Mtwara ikiwamo. Wakulima wa Zanzibar pekee wamekuwa zaidi ya 20,000, na walio wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa hushuka na kamba zao, hufunga vijitawi vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika.

Ndani ya mwani huo mna utomvu uitwao karajini. Ukichemshwa na kusafishwa huwa unga, na unga huo ukitiwa majini huleta uzito kama uji ulioganda. Hiyo ndiyo siri ya mwani katika dawa ya meno, katika losheni na hata katika aiskrimu: unashikanisha maji na mafuta yasitengane, na ukipakwa ngozini unaacha utando mwembamba unaozuia unyevu kukauka. Ngozi kavu hupata nafuu. Hilo ni jambo la kweli na tusilidharau.

Lakini kulainisha ngozi ni jambo moja na kutibu ni jingine. Sabuni ya mwani husafisha kama sabuni nyingine nzuri, na huenda ikawa laini kuliko zile kali za kufulia. Haiondoi ukoma, haizimi moto wa mafuta ya korosho, wala haizuii jua. Sabuni yoyote husuuzwa ikaenda na maji, kwa hiyo itamkingaje mtoto na jua la saa sita?

Mwani unaofunga vidonda

Iko jamii nyingine ya mwani, ile ya rangi ya kahawia, ambayo baadhi yake huota pia katika pwani yetu na kutupwa ufukweni na mawimbi. Kutokana na mwani wa namna hiyo, mkemia Mwingereza E. C. C. Stanford alitoa kitu kiitwacho aljinati, na alipewa hati ya ugunduzi mwaka 1881. Katika karne ya 20 madaktari waligundua kwamba nyuzi za aljinati yenye chokaa zinaweza kufumwa kama pamba na kuwekwa juu ya kidonda chenye maji mengi.

Nyuzi hizo hunyonya majimaji ya kidonda, na kwa kuwa majimaji hayo yana chumvi, chokaa iliyo katika nyuzi hubadilishana na chumvi hiyo, na nyuzi zikageuka kuwa ute laini. Kidonda hubaki na unyevu wa kadiri, na bandeji haishikamani na nyama, hivyo haichani kovu changa inapotolewa. Kwa mwenye kidonda cha mguu cha muda mrefu, awe aliyepona ukoma au mgonjwa wa kisukari, hiyo ni faida kubwa. Hapa basi bahari inastahili kuitwa tabibu. Ila angalia, ndugu msomaji: ni aljinati iliyosafishwa, ikauawa vijidudu na kufungwa katika paketi ya hospitali. Mwani wa ufukweni, wenye mchanga na vijidudu, ukifungwa juu ya kidonda utaleta usaha.

Maganda ya kamba na kaa nayo yametumiwa. Yana kitu ambacho kikichakatwa huwa kitosani, na bandeji za kitosani husaidia damu kuganda upesi. Majeshi ya Marekani yalianza kuzitumia kwa majeruhi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ngozi ya samaki pia imeingia wodini. Huko Iceland hutumiwa ngozi ya samaki aitwaye chewa wa kaskazini, na katika mji wa Fortaleza, Brazil, madaktari wametumia ngozi ya perege kufunika majeraha ya moto. Perege ni samaki wa maji baridi, tunayemjua sote. Ngozi hiyo hukaa juu ya jeraha siku kadhaa bila kubadilishwa, na hivyo humpunguzia mgonjwa maumivu ya kufunguliwa bandeji kila kukicha.

Hapa pana hatari ya kusikia nusu ya habari. Asitokee mzazi akachuna perege wa sokoni na kumfunika mtoto aliyemwagikiwa na uji. Ngozi zile za hospitali hupitishwa katika usafishaji mkali wa maabara kabla ya kumgusa mgonjwa. Mtoto aliyeungua apelekewe maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, wala chumvi, wala mafuta ya aina yoyote.

Vipi kuhusu maji ya bahari yenyewe? Wazee wa pwani wengi huosha vidonda kwa maji ya chumvi, na fikra yao haiko mbali na ya daktari, kwa sababu hospitali nazo husafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Tofauti iko katika kipimo na usafi. Maji ya hospitali yana gramu 9 za chumvi katika lita moja, kiasi kinacholingana na mwili wetu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi, karibu mara nne, na ndani yake mna vijidudu vinavyoweza kukioza kidonda. Nyumbani Ndanda au Temeke, mama anaweza kuchemsha nusu lita ya maji safi, akatia kijiko kimoja kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, akayaacha yapoe akiwa ameyafunika, akasafishia mchubuko wa mtoto. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa ya mchuuzi.

Papa na jua

Mafuta ya papa ni ya kale pwani kwetu. Mafundi wa majahazi wameyatumia miaka nenda miaka rudi kupakia mbao zisioze, wakayaita sifa. Ini la papa lina vitamini A na mafuta mepesi yaitwayo skwaleni, ambayo viwanda vya vipodozi hutumia kulainishia ngozi. Lakini mafuta yale ya jahazi, yenye harufu na uchafu, si ya kupakwa kwenye kidonda. Na papa wenyewe wanapungua baharini, ilhali mafuta ya namna ileile yanapatikana pia katika zeituni. Kwa ngozi kavu, mafuta ya nazi yanatosha.

Sasa tuje kwenye jua, ambako uongo una gharama kubwa kuliko kwingine. Wanasayansi wamegundua kwamba baadhi ya mwani mwekundu na viumbe vya miamba ya matumbawe hujitengenezea kinga ya jua, vitu viitwavyo maikosporini, vinavyonyonya miale ya urujuanimno kabla haijadhuru. Viumbe hivyo haviwezi kukimbilia kivulini, basi vimejaliwa mwavuli wao. Ulaya baadhi ya vipodozi vimekwisha kutiwa dondoo la mwani wa aina hiyo. Ni jambo la kutia moyo, na huenda siku moja mwani wetu ukachunguzwa kwa nia hiyo.

Lakini mwani kujikinga wenyewe hakumaanishi kwamba kila krimu iliyochorwa picha ya mwani inamkinga mtoto wako. Kinga ya jua hupimwa maabara na kuandikwa kwa namba kwenye kopo. Krimu isiyo na namba hiyo si kinga. Mafuta ya nazi si kinga. Mafuta ya papa si kinga. Mama anayempaka mtoto wake mwenye ualbino mafuta ya mchuuzi, kisha akamruhusu kucheza mpira saa saba mchana akidhani amemlinda, amedhulumiwa mara mbili: fedha yake imekwenda, na ngozi ya mwanawe inaungua.

Na iko njia iliyojaribiwa hapa nchini. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, katika miaka ya 2010 ilianza kutengenezwa krimu ya kinga ya jua, iitwayo KiliSun, mahsusi kwa watu wenye ualbino wa Tanzania. Hiyo ilitengenezwa kwa kuwasikiliza watumiaji wenyewe, kwa jua letu na kwa maisha yetu. Mzazi aulizie kinga ya namna hiyo katika hospitali au kupitia Chama cha Watu wenye Ualbino, ambacho asili yake ni mwaka 1978.

Hata hivyo krimu ni msaidizi tu. Kinga ya kwanza ni kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Krimu ipakwe nusu saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili. Mwalimu amweke mtoto huyo dawati la mbele, kwa maana macho yake nayo ni dhaifu, na asimpange kulima au kufyeka jua linapowaka. Na kidonda chochote usoni, midomoni au masikioni kisichopona katika wiki nne kionyeshwe daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mali yetu inapokwenda

Ndugu msomaji, liko jambo moja la uchumi ambalo haifai tulipite. Kwa miaka mingi mwani wetu umekuwa ukiuzwa nje mkavu, kwa magunia, kwa bei ya chini. Huko nje hugeuzwa karajini, karajini ikatiwa katika losheni, na losheni ikarudi kwetu katika chupa yenye bei ya mjini. Mwanamke aliyesimama majini tangu alfajiri, ambaye ngozi ya miguu yake inawasha na kuchubuka kwa chumvi, hana uwezo wa kuinunua chupa hiyo.

Juhudi za kuligeuza jambo hilo zimekuwapo. Tangu mwaka 2006 Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alisaidia kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara ili mwani usagwe na kutumiwa hapa hapa. Vikundi vya wanawake Unguja vikaanza kutengeneza sabuni, mafuta na vyakula vya mwani. Sabuni hizo tuzinunue, si kwa kudanganywa kwamba ni dawa, bali kwa kuwa ni sabuni nzuri na ni jasho la ndugu zetu. Muuzaji mwaminifu hatakuambia kwamba inatibu saratani. Na mnunuzi mwenye busara atatazama alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi, na ataikataa krimu yoyote inayoahidi kung'arisha rangi, hata ikiwa imechorwa mawimbi na nyota za bahari. Ndani ya krimu za namna hiyo aghalabu mmejificha zebaki au haidrokwinoni, na huo si uzuri, ni sumu.

Turudi Ndanda

Tuwakumbuke basi wale watu watatu tulioanza nao. Mzee aliyepona ukoma, mwenye nyayo zisizosikia, alowanishe miguu yake kila siku kwa maji ya kawaida yasiyo ya moto kwa nusu saa, asugue sugu kwa jiwe laini, apake mafuta maji yakiwa bado ngozini, avae viatu vyenye soli ngumu na ndani laini, na kila jioni amwombe mjukuu amtazamie nyayo kama pana jeraha. Mama mbanguaji avae glavu, au apake mafuta mikononi kabla ya kazi, na yakimrukia ya ganda aoshe upesi kwa sabuni na maji mengi, asitumbue lengelenge. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia, kivuli, krimu iliyopimwa na dawati la mbele.

Katika hayo yote, bahari imetoa fungu lake: chumvi ya kusafishia, bandeji ya aljinati pale hospitali inapoiona yafaa, sabuni laini ya mwani. Fungu hilo ni la heshima na huenda likaongezeka kadiri wataalamu wetu watakavyochunguza. Lakini fungu kubwa limebaki mikononi mwa jamaa wa nyumbani: jicho linaloangalia, maji safi, kitambaa, kofia, na miguu inayokwenda hospitali mapema.

Mchuuzi atakapokuja tena na chupa yake, usimtukane, kwani naye anatafuta riziki. Muulize maswali matatu tu: ndani mna nini, nani ameipima, na inatibu nini hasa? Akijibu kwamba inatibu kila kitu, mwambie ahsante, rudisha fedha yako mfukoni, na upitie duka la nguo ukamnunulie mtoto kofia.